Mashine Yenye Adabu

Katika idara ya maji, ghorofa ya pili, mwisho kabisa wa korido, palikuwa na mlango uliobandikwa karatasi iliyoandikwa RAMANI NA KUMBUKUMBU. Nyuma ya mlango huo alikaa kwa miaka thelathini na moja mtu mmoja mrefu, mwembamba wa miguu, ambaye wafanyakazi wote, kuanzia mkurugenzi hadi mfagizi, walimwita Bwana Korongo. Waliomwona kwa mara ya kwanza walidhani ameitwa hivyo kwa ajili ya miguu yake, wakacheka kimoyomoyo. Haikuwa miguu. Ilikuwa kompyuta.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, mchoraji ramani za mabomba, wino haumtoki vidoleni, pale idara ilipoletewa kompyuta tatu za rangi ya kijivu zenye alama ya korongo aliyesimama kwa mguu mmoja. Zilitengenezwa na kampuni ndogo ya ng'ambo ambayo hakuna aliyepata kuisikia. Ofisi nyingine zote mjini zilikuwa zikinunua kompyuta za kawaida, zile zilizokuja kuenea kila mahali. Mhandisi mkuu alipoona alicholetewa alisonya, akasema, "Wametupa mayatima hawa," akaamuru zipelekwe chumba cha ramani, mbali na macho ya wageni.

Neno lile lilimchoma kijana. Yeye mwenyewe alilelewa kwa mjomba wake, akila baada ya watoto wa nyumba kushiba, akivaa mashati yaliyoishiwa vifungo kwenye miili ya wengine, na alijua ilivyo kuletwa mahali ambapo hukuombwa. Akazipangusa vumbi kompyuta zile tatu. Akazipanga chini ya dirisha. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa akifika kazini kabla mlinzi hajafungua geti.

Alichokipenda kwanza ni adabu ya Korongo, kama alivyoiita mashine ile. Kompyuta yoyote, ukitaka kufanya jambo lisilorudishika, hukuuliza kwanza. Zile za kawaida ziliuliza kijeuri: nifute? Nawe ukigusa tu kile kitufe kikubwa cha upande wa kulia, kilichokuwa na maana ya ndiyo, kazi yako ya mwezi imekwenda. Korongo aliuliza kinyume. Aliuliza kama ungependa kitu kiachwe kilivyo. Ukigusa kitufe kikubwa kwa haraka, kwa usingizi, kwa kiwiko hata, umesema ndiyo, na hakuna kilichodhurika. Ukitaka kweli kufuta, ilikubidi uandike neno zima la kukataa, herufi moja baada ya nyingine.

"Herufi sita," alikuwa akiwaeleza watu, akihesabu kwa vidole. "Ha, a, pa... ndani ya herufi sita mtu anapata muda wa kujuta. Aliyeitengeneza hii alikuwa na mama."

Jambo la pili alilolipenda ni kwamba Korongo aliruhusu maneno yake yabadilishwe. Mwenye mashine angeweza kuingia ndani na kuandika maswali yote upya kwa lugha anayoiota. Hiyo ndiyo iliyowakutanisha wale sita, watu pekee mjini waliokuwa na mashine hizo: yeye, mwalimu wa hesabu, karani wa mahakama, fundi redio, na wengine wawili waliokuja wakaondoka. Kila Jumamosi walikutana nyuma ya duka la fundi redio, katikati ya spika zilizopasuliwa matumbo, wakitafsiri swali moja baada ya jingine. Walibishana juu ya neno moja hadi chai ikapoa. Swali kuu, lile la adabu, walimwachia yeye, na alilibeba kichwani kwa wiki kadhaa, akiligeuzageuza barabarani kama mtu aliye na punje ya chumvi ulimini. Mwisho aliandika maneno mawili: Niache ilivyo?

Walikuwa na desturi yao pia. Kila mmoja aliweka nakala ya kazi zake kwa mwenzake, wakaiita amana. Nyumba yako ikiungua, kazi yako iko salama kwa ndugu yako. Hawakuandikiana hati wala kushuhudiana. Diski ilipokezwa kwa mikono miwili, basi.

Kupenda peke yake hakungempa jina. Jina lilitokana na kuhubiri. Alihubiri kwenye foleni ya posta. Alihubiri harusini, sahani ikiwa magotini. Msibani aliwahi kumshika mfiwa mkono, akampa pole ya dhati, na kabla hajauachia akawa ameshaanza kumweleza jinsi Korongo anavyopanga majina ya waliohudhuria. Aliyemtania zaidi ni shemeji yake, kaka wa mke wake, ambaye alikuwa na duka la kompyuta za kawaida na hakuwahi kukosa la kusema.

"Shemeji! Yule ndege wako ameshusha mguu wa pili au bado?"

"Afadhali wangu kasimama kwa mmoja. Wako wanatambaa."

"Wanatambaa, lakini wanafika. Njoo dukani nikupe moja bure, uitumie hata kufunikia sufuria."

"Siwezi kufunika chakula cha dada yako kwa kitu kisicho na adabu."

Wote walicheka, na yeye mwenyewe alicheka, lakini akirudi nyumbani alikuwa kimya njia nzima. Shemeji ndiye aliyewabandika wale sita jina la Wenye Mguu Mmoja. Wao walilipokea kama cheo.

Mwaka wa tisa ilikuja barua ya mistari miwili. Kampuni ilikuwa inafunga milango. Iliwashukuru wateja wake. Kesho yake Bwana Korongo alikwenda kazini amefunga tai nyeusi. Mfagizi alimpa pole akidhani amefiwa, naye akaipokea, akasema asante dada, tumepoteza.

Baada ya hapo mapenzi yake yaligeuka. Zamani alikuwa akiipenda mashine kwa wema wake. Sasa alianza kuipenda kwa sababu imeshindwa, na mapenzi ya namna hiyo hayana breki. Idara ilipohamia kwenye kompyuta za kawaida, alitakiwa awe mkuu wa kitengo iwapo atakubali kujifunza hizo mpya. Alikataa. Akaachwa kwenye kona yake, akichora ramani za mabomba kwenye Korongo, na msichana wa meza ya pili akizichora upya kwenye kompyuta ya kawaida ili wengine wazione. Kazi moja ilifanywa mara mbili kwa miaka, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Kila alikosikia Korongo imetupwa alikwenda kuichukua kwa ajili ya vipuri. Binti yake alikua akilala chumba kimoja na mizoga saba ya kijivu, akitundika sare ya shule kwenye pembe za skrini.

Wenye Mguu Mmoja walipungua. Mwalimu wa hesabu alihamia kwa wanawe mbali. Karani wa mahakama alinunua kompyuta ya kawaida na kwa aibu akaanza kupita barabara nyingine. Wakabaki wawili, yeye na fundi redio, ambao kila Jumamosi walikaa nyuma ya duka wakiisifu mashine yao.

Mke wake alikuwa mkunga katika hospitali ya mji. Alikuwa mwanamke mfupi, wa maneno machache, mwenye mikono ambayo wanawake wa mtaa ule waliitaja kwa jina kama watu wanavyotaja dawa. Kabla ya binti yao walikuwa na mtoto mwingine. Alikuwa wa kiume, akazaliwa Jumamosi moja, kabla ya siku zake, katika wodi ileile ambamo mama yake alifanya kazi, na hakuishi hadi jioni. Bwana Korongo alitafutwa ofisini hakuonekana. Alifika saa kumi na moja, uso umemng'aa, makaratasi ya tafsiri kwapani, kwa sababu siku hiyo walikuwa wamemaliza swali la mwisho, lile la adabu, na alikuwa hajapata habari. Hakuna aliyemgombeza. Mke wake alimtazama, akayatazama makaratasi, akageukia ukuta. Hawakuwahi kulizungumza tena, na yeye aliuchukulia ukimya ule kuwa msamaha, maana ulifanana nao.

Miaka mingi baadaye, mke alianza kuandika kitabu. Alitaka kuwaachia wakunga vijana mambo ambayo hayamo katika vitabu vya chuo: namna ya kusikiliza mlio wa moyo wa mtoto, namna ya kuingia chumbani, wakati wa kunyamaza. Alianza katika daftari la shule. Mume wake alipoliona daftari lile alisimama mlangoni kama mtu aliyeona jirani anapika kwa kuni huku jiko liko ndani.

"Mama, utaandikaje kwa mkono na sisi tuna Korongo?"

"Kalamu haiharibiki."

"Kalamu haikuulizi kabla hujakosea."

Alimtengenezea meza kwenye kona ya sebule. Mke akaishonea mashine kitambaa cha kuifunika, akajifunza kuchapa kwa vidole viwili, na kwa miaka minane, kila alipotoka zamu, alikaa pale saa moja kabla ya kuingia jikoni. Mume alikuwa nyuma yake daima, akikaza waya, akipuliza vumbi, akimshika bega kila mashine ilipouliza swali lake. "Umeona? Umeona alivyokuuliza?" Alijua kwamba kitabu kina kurasa mia mbili na kumi na kwamba chote kimeenea katika diski moja. Hilo aliwasimulia watu kwa fahari. Kilichoandikwa humo hakuwahi kukisoma. Haikumjia kwamba kinasomwa. Kwake kilikuwa kitu kinachotunzwa.

Amana ya diski ile ilikuwa kwa fundi redio. Fundi alipofariki, wanawe walifunga duka na kuuza kila kilichokuwamo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, diski zikiwemo. Bwana Korongo alifika siku ya tatu akakuta sakafu tupu imefagiliwa. Alirudi nyumbani, akala, hakusema. Angeweza kutengeneza nakala nyingine jioni ileile na kuiweka kabatini. Lakini amana huwekwa kwa mwenzako, na mwenzake hakuwepo tena. Kujiwekea mwenyewe kungekuwa kukiri kwamba amebaki peke yake duniani. Akasema kesho. Kesho ikawa miaka mitatu.

Binti, ambaye sasa alikuwa akifanya kazi mji mwingine, alikuja likizo akamwona mama yake akishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mama, mikono inatetemeka tangu lini?"

"Imechoka tu."

Haikuwa imechoka. Daktari alisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwamba utakwenda polepole, kwamba mikono ndiyo ya kwanza, na sauti hufuata. Mke aliacha kazi. Aliacha kuchapa pia, kitabu kikiwa kimebakiza sura moja kusahihishwa. Mwezi huohuo chuo cha wauguzi, ambacho mkuu wake aliwahi kuwa mwanafunzi wake wodini, kilituma barua: kiko tayari kukichapisha kitabu na kumpa kila mkunga mpya nakala, iwapo kitawafikia kabla muhula haujaanza. Wiki tisa.

Mke aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mto. Mume wake hakuwahi kumwona akiweka kitu chini ya mto.

"Baba, tukihamishe kwenye kompyuta ya kawaida," binti alisema. "Printa ya Korongo ilikufa nikiwa sekondari. Hapo kilipo, hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kukisoma."

"Kipo salama."

"Salama kwa nani?"

Alikataa siku hiyo. Alikataa kesho yake. Siku ya tatu mke alisema kutoka kitini, bila kupandisha sauti, "Mimi nataka kisomwe," na hapo mume akanyoosha mikono.

Shemeji alileta kompyuta ya kawaida pamoja na kifaa cha kupokea diski za zamani, akaviweka juu ya meza ya kulia. Binti, aliyekuwa amesharudi kazini, alikuwa amepata programu ndogo iliyotengenezwa na mtu fulani wa mbali, iliyoweza kusoma diski za Korongo. Alikuwa ameyaandika maelekezo kwenye karatasi: washa programu kwanza, ndipo uweke diski. Shemeji alivuta kiti, lakini Bwana Korongo alimzuia kwa kiganja.

"Hapana, shemeji. Diski hii nimeilea mimi. Nitaivusha mimi."

"Haya, baba. Mimi nakunywa maji tu. Lakini fuata karatasi."

Alikaa. Alikuwa hajawahi kugusa kompyuta ya namna ile tangu zilipoingia nchini, na alikuwa na jasho kwenye mdomo wa juu. Aliitoa diski kwenye mfuko wake, akaipuliza, akaitia mahali pake, kwanza, kabla ya programu, kwa sababu ndivyo alivyofanya kila asubuhi ya maisha yake. Kompyuta ilihangaika kidogo. Haikuwahi kukutana na diski ya aina ile. Iliiona kuwa ni kitu kisicho na umbo. Ikauliza swali kwa lugha ya kigeni, mistari miwili, ndani ya kisanduku.

Hakulisoma. Miaka thelathini mashine ilimwuliza, na miaka thelathini mkono wake ulijibu wenyewe, kwa imani. Kidole kikaenda kwenye kitufe kikubwa cha kulia, kikagusa. Ndiyo.

Diski ikaanza kukoroma.

"Inasoma?" shemeji aliuliza, glasi mkononi.

"Sikia mwenyewe." Alikuwa anatabasamu. "Sikia inavyosoma."

Ilikoroma dakika moja na nusu, taratibu, kutoka ukingoni hadi katikati, hatua kwa hatua, kama mtu anayefagia chumba na kuhakikisha hajaacha kona. Kisha ikanyamaza. Shemeji alisogea, akainama, akasoma kilichoandikwa kwenye skrini. Glasi akaiweka mezani polepole mno.

"Shemeji," alisema. "Ilikuuliza nini?"

"Iliuliza."

"Iliuliza kama iiandae upya, iwe tupu."

Bwana Korongo alitazama kidole chake. Shemeji, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kukosa la kusema, alikosa. Walijaribu ile programu. Ikasema diski ni tupu. Wakampigia binti simu, na binti akawaulizia wataalamu, na wataalamu wakasema kwamba kilichopigwa deki namna ile hakirudi.

Mke alikuwa amekaa nje, kwenye kivuli cha ukuta, bakuli la kunde mapajani, akizipukuchua moja moja kwa vidole visivyotaka kutii. Mume alimwendea akiwa ameishika diski kwa mikono miwili.

"Imekwisha?" mke aliuliza.

"Imefutika."

"Sura gani?"

"Yote."

Aliendelea na kunde moja, akaimaliza. "Basi tuchukue ya kwa fundi."

Hapo ndipo alipolazimika kusema. Alisema akiwa amesimama, macho kwenye bakuli. Mke alisikiliza hadi mwisho.

"Miaka mitatu," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka mitatu nilikuwa nachapa hapo, wewe uko nyuma yangu, na unajua."

Mke alimpa bakuli alishike, akashika ukuta, akainuka, akaingia ndani.

Siku nne nyumba ile ilikuwa na watu wawili na sauti ya bomba la jikoni. Usijidanganye kwamba Bwana Korongo alilia tu. Alifanya pia mambo ya kipumbavu. Aliifungua Korongo akaisafisha yote, ndani na nje, kama kwamba kosa lilikuwa vumbi. Aliandika barua ya kuikosoa kampuni ya ile kompyuta nyingine kwa kuuliza maswali kijeuri, akafika mstari wa tatu akaona aibu, akaichana. Siku ya tano alitoka kazini akamkuta mke amekaa kwenye meza ya kulia, mbele ya kompyuta ya shemeji iliyokwisha kuwashwa, kiti cha pili kimevutwa kando yake.

"Kaa," mke alisema. "Mikono yangu haiwezi, lakini kichwa kizima. Andika."

"Kwa hii?"

"Kwa hiyohiyo."

Akakaa. Mke alifumba macho, akakohoa kidogo, na sauti, ambayo ilikuwa imeanza kuwa ndogo kama daktari alivyosema, ikaanza.

"Sura ya kwanza. Kabla ya kumgusa mama, pasha mikono yako moto. Hata kama ana haraka. Hata kama wewe una haraka. Mikono ya baridi inamwambia mtoto habari mbaya kabla hajafika."

Alichapa. Aliomba radhi, akauliza mahali pa nukta, akaambiwa iko palepale ilipo kwenye kibodi zote za dunia. Siku ya kwanza walipata kurasa mbili. Siku ya kumi walikuwa wakipata sita. Alifika kutoka kazini, akanawa, akakaa, na mke akaanza pale alipoachia jana, bila kuuliza amefika wapi. Na kwa hivyo, akiwa na miaka hamsini na saba, Bwana Korongo alikisoma kitabu cha mke wake kwa mara ya kwanza, neno kwa neno, kikipita kwenye vidole vyake. Kulikuwa na wanawake humo aliowafahamu kwa sura tu, wa sokoni na wa mtaa wa pili, na sasa alijua walilia nini. Kulikuwa na usiku ambao yeye alikuwa amelala kitandani akidhani zamu ni zamu tu, kumbe mke alikuwa ameshikilia maisha ya watu wawili kwa vidole vitatu. Mara nyingine ilimbidi kuacha kuchapa.

"Vipi?"

"Hii ilitokea kweli?"

"Yote ilitokea kweli. Andika."

Katikati ya sura ya kumi na moja mke alisema, kwa sauti ileile ya kufundisha: "Mume akifika amechelewa, usimgombeze. Usimwulize alikuwa wapi, maana atakujibu, na jibu litabaki chumbani. Mpe kitu cha kushika. Mpe taa, au mpe shuka." Vidole vya mume vilisimama juu ya kibodi. Mke alisubiri. Hakufumbua macho. Kisha mume alichapa sentensi ile hadi nukta yake, na walipomaliza siku hiyo alikwenda kusimama jikoni muda mrefu, bomba likiwa wazi.

Si vyote vilivyorudi. Kuna hesabu za dawa ambazo mke aliziacha kwa kutozikumbuka vizuri, na majina ya wanafunzi aliotaka kuwashukuru. Sauti nayo ilipungua wiki hadi wiki. Kufikia wiki ya saba ilimbidi Bwana Korongo asogeze kiti hadi magoti yao yagusane. Korongo ilikuwa kwenye kona yake chini ya kitambaa, na siku hizo zote hakuiwasha. Shemeji alipita jioni moja kuleta karatasi, akawakuta hivyo, vichwa viwili karibu. Akaweka karatasi mlangoni, akaenda zake.

Ijumaa ya wiki ya nane walimaliza sura ya mwisho. Binti alikuwa njiani. Jumatatu angekipeleka chuoni kwa mkono wake. Bwana Korongo aliuliza kama aandike neno la tamati.

"Bado kuna sura," mke alisema. "Ile iliyokuwa baada ya ile ya watoto wanaotangulia siku zao. Nimeiruka."

"Umeisahau?"

"Hapana."

Alingoja. Nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira ukutani, wakipumzika, wakipiga tena.

"Ilikuwa fupi," mke alisema. "Niliiandika asubuhi moja, wewe ukiwa nyuma yangu unabadilisha waya wa printa. Ilikuwa ya mama mmoja ambaye mwenyewe ni mkunga."

Bwana Korongo aliinamia kibodi.

"Ilikaa humo miaka mingi. Nilikuwa nikiiacha wazi kwenye skrini, naenda jikoni. Makusudi. Nasema leo atapita, ataona jina la siku, atasoma. Nikirudi nakuta umeifunga vizuri. Umeihifadhi. Umefunika na kitambaa."

"Sikuisoma," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya mke.

"Najua. Ungekuwa umeisoma ningejua kwa namna ambavyo ungenitazama." Alinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja kinachotetemeka, akakinyoosha tena. "Kitabu kinaweza kwenda bila hiyo. Wanafunzi hawatapungukiwa na kitu. Na mimi nimechoka, sauti yenyewe ndiyo hii unayoisikia. Sasa wewe niambie." Akamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kunde akamtazama machoni. "Niache ilivyo?"

Aliyatambua maneno. Ni yeye aliyeyaandika, nyuma ya duka la fundi redio, Jumamosi ile, saa zilezile hospitali ilipokuwa ikimtafuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kusogea. Aliuona ukienda peke yake, kidole kimenyooka, kuelekea kwenye kitufe kikubwa, kuelekea kwenye lile jibu ambalo miaka yote halikumdhuru mtu. Akaukamata kwa mkono wa kushoto, akauzuia hapohapo juu ya kibodi.

Mpira wa watoto uligonga ukuta mara tano, mara sita.

"Hapana," alisema.

Mke alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama afanyavyo mtu aliyesikia mlio aliokuwa akiusubiri.

"Basi toa mikono hapo," alisema. "Hii si ya kuandikwa."

Akaitoa. Akazima skrini, akasogeza kiti karibu zaidi, akainamisha sikio hadi kwenye mdomo wake.

"Ilikuwa Jumamosi," mke alianza. "Uchungu ulinishika nikiwa naanika nguo. Nikasema, nitamngoja baba yake."